Karavani inavuja na yadi inakuzungusha: tafuta sababu kabla mtu hajashika silikoni

Sisi wenye karavani, zile nyumba za kuvutwa na gari, hapa Nairobi si wengi, na hapo ndio shida inaanzia, juu fundi wa Probox unampata kila kona lakini mtu anajua ukuta wa karavani umejengwa aje unaweza kumtafuta mwezi mzima. Kwa hivyo kitu ikiharibika unarudi kwa yadi, yule alikuuzia, anaangalia dakika mbili, anakwambia hiyo ni kawaida, ama hizo ni barabara zetu, anapaka silikoni unaenda. Nimepitia hiyo. Yangu ni ya vitanda vinne, ilitoka Uingereza ikiwa imetumika, nikainunua kwa yadi moja hapa mjini na waranti ya mwaka mmoja kwa maandishi, na kona ya mbele kushoto ilipakwa silikoni mara tatu kabla mtu yeyote aulize haya maji yanatoka wapi.

Kabla hatujafungua hata skrubu moja, shika hii: sababu ndio inaamua nani atalipa. Ukuta ukiwa na unyevu inaweza kuwa ni kosa la kiwanda, inaweza kuwa ni kazi ya yadi, na inaweza kuwa ni nyinyi wenyewe mmelala watu wanne mkafunga kila dirisha mwezi wa saba. Ukiangalia kwa macho ni doa lile lile. Sasa ukienda pale na doa peke yake, wao ndio watakuchagulia sababu, na hawawezi chagua ile itawatoa pesa. Piga picha, andika tarehe, ndio uanze kuguza.

UKUTA UNA UNYEVU AMA NDANI KUNANUKA UVUNDO

Hii ndio kubwa kuliko zote kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Ukuta wa karavani nyingi ni kama sandwichi: nje ni shiti ya aluminiamu ama fiberglasi, katikati ni povu na fito za mbao, ndani ni plaiwudi nyembamba imebandikwa karatasi ya urembo. Maji yakipita kwa jointi ya juu yanafuata mbao yanashuka, yanaenda kutokea mita moja kutoka mahali yaliingilia, ndio maana kupaka silikoni pale unaona doa ni kazi bure.

Anza na kidole gumba. Bonyeza kona za madirisha, chini ya kidirisha cha paa, ndani ya kabati za mbele, nyuma ya taa za nyuma. Ukuta mzima ni mgumu. Ukibonyea kama mkate uliomwagikiwa chai, mbao ya ndani imeshaanza kuoza. Alafu tafuta mita ya unyevu, ile ya pini mbili, hata ya kuazima kwa fundi wa mbao. Mafundi wa karavani kule Uingereza wanahesabu hivi: chini ya asilimia 15 uko sawa, 15 hadi 20 unafuatilia, ikipita 20 kuna kazi, ikipita 30 jua mbao inaharibika. Chora karavani kwa karatasi, andika namba kila mahali umepima, weka tarehe. Hiyo karatasi itakusaidia kuliko maneno mia.

Sasa tofautisha jasho na uvujaji. Jasho linakuja asubuhi ya baridi, liko kwa vioo na kona zote za baridi, jua likiwaka saa sita limeisha. Uvujaji unakaa mahali pamoja, unaongezeka baada ya mvua, na siku mbili baadaye mita bado inasoma juu hata kama ukipashika ni pakavu. Kama ni jasho usisumbue yadi, fungua kidirisha cha paa kidogo usiku na uwache zile tundu za hewa za kudumu wazi, mkiwa ndani hizo hazizibwi kwa sababu yoyote, ziko hapo kwa sababu ya gesi.

Kama ni uvujaji, chukua mpira wa maji na mtu mmoja akae ndani na tochi. Anza kumwaga chini, sio juu. Dakika kumi usawa wa sakafu, alafu usawa wa dirisha, alafu reli ya turubai (ile ya kushikia turubai la kivuli), mwisho paa. Ukianzia juu maji yanashuka yanalowesha kila jointi na hutajua ni gani imeingiza, lakini ukipanda polepole, ile saa mwenzako anapiga kelele unajua umefika wapi.

Yangu nilipimiwa hivo na fundi mmoja wa fiberglasi pale Kariobangi Light Industries ambaye hajawahi hata kulala kwa karavani, ni vile tu ni mtu wa kufikiri. Alifika kwa reli ya turubai, maji yakaingia. Akatoa reli. Skrubu zote za kiwanda zilikuwa zimeshika kutu kidogo lakini zimezungukwa na mastiki (ile gundi ya kuziba maji), isipokuwa mbili, mpya, zinang'aa, zimeingizwa kwa mbao bila mastiki yoyote. Zilikuwa zimeshika taa ya nje. Ile taa yadi walinipea kama zawadi siku nachukua karavani, na mimi nikawashukuru sana. Nikarudi kwa simu: picha za siku ya kwanza nilipoenda kuiangalia, hakuna taa. Picha za siku ya kuchukua, taa iko. Hapo sababu ikapata mwenyewe. Na zile silikoni zao tatu zilikuwa zimefungia maji ndani, kwa hivyo kila mara walipaka walikuwa wanazidisha.

Kutengeneza ni hivi na usikubali njia ya mkato: reli itoke yote, silikoni ya zamani ikwanguliwe iishe kabisa (hakuna kitu inashika juu ya silikoni), mbao iliyooza ikatwe iwekwe mpya, ukuta ukauke kwanza hata kama ni wiki tatu, alafu irudishwe kwa mastiki ya butili, ile laini haikauki ikawa ngumu, na skrubu za stenlesi. Mwambie fundi pia asifute madirisha na thina wala petroli. Yale madirisha ni ya akriliki, sio kioo, yakiguswa na hizo vitu yanafanya nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui na hayarudi, na dirisha jipya ni la kuagiza kutoka ng'ambo.

VUMBI LIMEJAA HADI KWA SAHANI

Hii ya vumbi watu wa Uingereza hawaijui, ni yetu. Ukivuta karavani kwa murram, hewa nyuma yake inafyonza, na vumbi linaingia kwa kila tundu iko chini. Watu wengi wanafanya kosa moja hapa na naomba usilifanye: wanaziba na tepu zile tundu za sakafuni chini ya jiko na kwa boksi ya mtungi. Hizo ni za kutoa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, na kama haina mahali pa kutokea inakungoja uwashe kiberiti. Kama lazima, weka kifuniko cha sponji cha kutoa na kuweka, mkiwa mnaendesha tu na mtungi umefungwa, na mkifika kitu ya kwanza ni kukitoa kabla hata ya kushusha viti. Vumbi la mlangoni na kwa kabati za nje ni gasketi, hiyo unanunua kwa mita kwa wauza spea unabadilisha mwenyewe. Yadi haiwezi kulipia vumbi isipokuwa kama mlango haujakaa sawa kwa fremu, na hiyo utaijua ukiweka karatasi kwa mlango ukifunga, ukiivuta ikatoka bila kushikwa hapo pana nafasi.

SAKAFU INALIA NA KUBONYEA

Sakafu pia ni sandwichi, plaiwudi juu na chini, povu katikati, imegundishwa na gluu. Gluu ikiachia, hasa pale mlangoni na mbele ya jiko mahali watu wanasimama sana, unasikia kama unakanyaga boksi. Pima unyevu hapo kwanza. Ikiwa kavu, ni gluu, na kama karavani ni changa hiyo ni ya waliojenga: dawa yake ni kutoboa mashimo kwa mstari na kuingiza gluu ya resini ya sehemu mbili, kuweka uzito, kungoja. Ikiwa mbichi, achana na resini, rudi kwa sehemu ya kwanza utafute maji.

FRIJI HAISHIKI BARIDI

Hapa nitatetea yadi kidogo, juu watu wengi wanawarudishia friji haina shida. Zile friji za njia tatu, za stima, gesi na betri, hazina kompresa, zinafanya kazi kwa moto kuzungusha amonia, na zinataka vitu vitatu: kusimama sawa, hewa nyuma, na moto mzuri. Weka pimamaji ndani ya friji. Kama karavani imeinama, inyooshe kwanza ndio uongee.

Alafu iwashe kwa stima ya nyumba, masaa kumi na mbili, usifungue fungue. Ikishika baridi, mtambo wa friji ni mzima. Sasa jaribu gesi. Ikikataa gesi peke yake, mara nyingi ni kutu imeanguka kutoka kwa bomba la moshi ikakaa juu ya bana (pale moto unatokea), inasafishwa kwa nusu saa. Na kumbuka uko wapi: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Limuru inapita 2,200, na vitabu vya hizi friji huandika kwamba kuanzia mita 1,000 moto wa gesi unaweza kusumbua kuwaka, na hiyo haihesabiwi kama ubovu. Friji iliwaka bila shida Diani inaweza kukataa Limuru na hakuna mtu alikosea.

Ikikataa kwa betri mkiwa safarini, pima volti pale friji inapokea, sio pale kwa betri ya gari. Ile elementi inavuta ampea nyingi, na waya nyembamba ilivutwa na fundi wa taa inapoteza umeme njiani. Hiyo ni kosa la aliyefunga plagi, na kama ni yadi, ni yao. Hata ikiwa nzima, kwa betri friji inatunza tu baridi iliyokuwepo, haianzi kutoka kwa joto, kwa hivyo igandishe nyumbani usiku kabla ya safari.

Isiposhika kwa njia zote tatu na unaona unga wa manjano nyuma ama harufu kali ya amonia, zima, fungua milango, usiguse huo unga na mkono. Mtambo umepasuka, hautengenezwi, unabadilishwa.

GURUDUMU MOJA LINACHEMKA, AMA KARAVANI INAYUMBA

Baada ya kilomita thelathini hivi simama mahali salama, sogeza mkono karibu na kila habu (kati kati ya gurudumu) bila kuigusa, ama tumia ile thamometa ya kulenga. Zote zikiwa na joto la kufanana uko sawa. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, ama breki imeshika, ama beringi. Inua hilo gurudumu, achilia hendibreki, zungusha. Ikiwa nzito ni breki: kebo imekazwa sana ama vumbi limejaa kwa dramu. Ikizunguka lakini inanguruma, ni beringi.

Na hapa fundi wetu mzuri kabisa wa Hilux anaweza kukuharibia. Amezoea beringi za kukaza nati alafu kurudisha nyuma kidogo. Karavani nyingi za Ulaya ziko na beringi za kufungwa kiwandani, hazitiwi grisi, na nati yake ni ya kutumika mara moja. Kwa habu nyingi za AL-KO (kampuni ya chasisi za karavani) nati mpya inafungwa kwa 290 Nm, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, angalia kitabu cha yako, na hiyo hupati na spana ya kawaida na bomba la kuongezea nguvu. Kama karavani imetoka servisi na habu zimefunguliwa, uliza swali moja tu: nati mpya ziko kwa risiti? Kama haziko, wamerudisha za zamani ama hawakufungua. Magurudumu yakishatolewa pia, kaza bolti tena baada ya kilomita hamsini.

Kuyumba kwanza ni mzigo. Uzito unaokalia boli ya kuvutia (ule mpira wa chuma nyuma ya gari) uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani na kila kitu ndani, kwa hivyo ya kilo 1,200 ni kilo 60 hadi 84. Watu wanajaza maji na kreti nyuma, pua inakuwa nyepesi, alafu kwa mteremko wa Mai Mahiu mkia unaanza kuendesha gari. Kama uzito uko sawa na bado inayumba, angalia kama kichwa cha karavani, pale panashika boli, kina stebilaiza ya pedi (ya kuzuia kuyumba). Hiyo inafinya boli ikiwa kavu. Fundi akipaka grisi vile amezoea kwa trela zingine, pedi zimeisha hapo hapo. Niliona hiyo kwa jirani yangu Ruiru, yadi walipaka grisi kwa servisi na wakaandika kwa karatasi "greased" bila kujua wameandika ushahidi, akalipwa pedi mpya na boli ikasafishwa.

CHASISI IMEPATA UFA

Kwa zile zinaundwa hapa hapa, angalia pale mkono wa mbele unaungana na fremu, baada ya kila safari ya barabara mbaya. Ufa unaanza kama mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi. Hiyo ni weldi ama chuma nyembamba, ni ya aliyeunda, na kulehemu juu juu haitoshi, ufa uchimbwe hadi uishe, ulehemiwe, na bamba la pembe tatu liongezwe pembeni. Zile za Ulaya zenye chasisi ya bolti na zinki ni kinyume: hazitobolewi wala kulehemiwa, aliyetengeneza amekataza, na ukifanya hivo hata kwa nia nzuri waranti ya chasisi imekufa.

Taa zikiwaka nusu nusu ni arthi (waya wa ardhi) kwa plagi, safisha pini, usiite mtu.

"IMEFANYIWA SERVISI"

Kabla ya kupeleka, chora mstari wa kalamu ya maka kutoka kwa nati hadi kwa chuma iliyo kando, piga picha ya vumbi kwa dramu. Ukichukua, mistari ikiwa bado imenyooka vile vile, hakuna kitu ilifunguliwa. Mimi sifanyi hivi kwa ubaya, ni vile nimelipa servisi kamili mara mbili na mara ya pili mistari yangu yote ilikuwa pale pale. Waulize vipuri vya zamani vikae kwa karatasi, na uwaambie wakupe ile michoro ya unyevu na namba zake. Hii ya michoro ni lazima, juu waranti za maji kuingia huwa na sharti la kukaguliwa kila mwaka, na ukikosa mwaka mmoja wanakufungia mlango. Na kama karavani ilitoka ng'ambo imetumika, usiulize kama "iko na waranti", uliza waranti ya nani, imeandikwa wapi, na inafanya kazi Kenya ama inataka uirudishe kwa gereji ya Uingereza.

WAKIENDELEA KUSEMA ULETE WIKI IJAYO

Andika, usipige simu. Barua pepe moja fupi: dalili, tarehe ilianza, umepima nini, sababu umepata, picha, unataka nini na kwa siku ngapi. Usiandike matusi hata kama umechoka. Ukiwa na fundi mwingine ameangalia, mwambie aandike alichoona na aweke sahihi, na usikubali atengeneze kabla yadi haijapewa nafasi ya kuona, la sivyo watasema yeye ndiye aliharibu.

Sheria iko upande wako kuliko yadi wanavyokwambia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 31, inataka bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaweka ahadi hiyo hiyo kwa muuzaji hata kama karatasi yake imekaa kimya. Lakini chunga: kama uliikagua kabla ya kununua, kasoro ile ungepaswa kuiona hapo huwezi kuidai baadaye, kwa hivyo siku ya kuchukua kila mkwaruzo uandikwe na wao waweke sahihi. Dai likiwa halizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo, kwa Nairobi kuna moja Milimani, inasikiliza bila lazima ya wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Mimi sikufika huko. Niliwatumia picha mbili za taa, ya kabla na ya baada, picha ya skrubu mbili, karatasi ya unyevu ikiwa na kona ya kushoto asilimia 34, na nikasema nataka wamlipe fundi wa Kariobangi, sio wao waguse tena. Walikaa siku tisa kimya, ya kumi wakapiga simu kuuliza bei. Ukuta ulikauka wiki nne, reli ikarudi, taa sikuirudisha. Mvua ya Aprili iliyofuata ilinyesha usiku tatu mfululizo Ruiru, nikaingia asubuhi na mita nikiwa bado na viatu vya kulalia. Kona ya mbele kushoto ilisoma 12.